Kijiko cha Onja na bakuli la Kaimu

Katika jiko la ile hospitali hakuna chungu kilichowahi kutoka mlangoni bila Onja kukionja. Uji wa asubuhi, maharage, mchuzi usiotiwa chumvi wa wodi ya wagonjwa wa moyo, hata maji ya kunywa yaliyochemshwa, vyote vilipita kwanza kwenye kijiko chake. Kijiko chenyewe kilikuwa cha chuma, kimelika upande mmoja kwa kukwangua masufuria, na makazi yake yalikuwa mfuko wa shati, mahali ambapo karani huweka kalamu. Wenzake walikuwa wamemwita Onja kwa miaka mingi, hata siku moja karani mpya alipokuja kuandikisha wafanyakazi na kuuliza jina halisi la mpishi mkuu, jiko zima lilibaki linatazamana.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Si kwa kiburi. Maneno yalikuwa yakifika kwenye meno yanageuza njia na kurudi yalikotoka. Daktari mkuu akimsalimia, alijibu huku macho yakiwa kwenye sufuria. Nyumbani, mkewe ndiye aliyekuwa mdomo wa watu wawili, na tangu alipofariki, miaka minne sasa, vile vyumba viwili na uani wake vilikuwa kimya hadi ungesikia bomba la jirani likidondosha maji.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti, fundi umeme wa nguzo na nyaya. Alikuwa na jina la mama yake Onja, kwa hiyo Onja hakuwahi kumwita kwa jina hata siku moja, alimwita Mama. Binti alikaa upande wa pili wa mji, na alipiga simu kila Jumapili. Mazungumzo yao hayakumaliza dakika mbili. Umzima? Mzima. Kazi? Inaenda. Haya, Mama. Haya, Baba. Basi.

Kwa hiyo Jumapili moja alipofika mwenyewe, na mbwa, na mfuko wa vitu, Onja alijua kuna jambo.

Mbwa alikuwa wa rangi ya karanga, sikio moja limesimama na jingine limelala. Aliitwa Kaimu. Binti alimwokota akiwa mdogo, akasema atakaa naye kwa muda tu, mpaka apate mbwa wa kweli wa kulinda nyumba. Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita, na huyo wa kweli hajaonekana mpaka leo.

Binti alieleza kwamba anapelekwa mbali kusimamisha nguzo, miezi miwili, na kambini hawaruhusu mnyama. Majirani zake wangemlisha Kaimu makombo, na makombo ndiyo yaliyokuwa yakimuua. Miaka mitatu alikuwa anajikuna hadi ngozi inatoa damu, tumbo halikai, hadi daktari wa mifugo alipomwambia binti aache wali na mikate na kila kilichopita motoni, ampe nyama mbichi na mifupa mibichi, akampangia vipimo. Tangu hapo manyoya yakarudi. Binti akatoa mfukoni mizani ndogo, bakuli la bati, na karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa. Nyama kiasi hiki. Moyo wa ng'ombe kiasi hiki. Shingo mbili za kuku. Ini kidogo, mara mbili kwa wiki. Chini kabisa, neno lililopigiwa mistari miwili: USIPIKE.

"Baba, umesoma hapo mwisho?"

"Nimesoma."

"Najua mkono wako. Usipike hata kidogo."

"Sawa, Mama."

Binti akapiga magoti, akamshika mbwa mashavu kwa mikono miwili, akamwambia maneno ambayo Onja aliona si vizuri kuyasikiliza. Alipoinuka macho yalikuwa yanang'aa. Alisema hana mwingine wa kumwachia. Onja akatazama miguu yake. Tangu binti yake aanze kujitegemea hajawahi kumwomba baba yake kitu, hata kijiko cha sukari, na sasa amemletea kitu anachokipenda kuliko vyote. Alitaka kumwambia asiwe na wasiwasi. Neno likafika kwenye meno.

"Haya, Mama," akasema.

Kesho yake alipotoka kazini alipita kwa muuza nyama wa kona, akanunua kila kilichoandikwa. Muuza nyama, bwana mnene mwenye sauti ya kuuzia soko zima, akataka kujua mgeni gani huyo anayekula moyo, ini na shingo kwa mkupuo. Aliposikia ni mbwa akaweka kisu chini, akatangazia wateja kwamba yeye anarudi kwake kula mchicha na mbwa wa Onja anakula nyama, kwa hiyo kama kuna nafasi ya mbwa wa pili pale uani aandikwe jina. Watu wakacheka. Onja akachukua mfuko wake, masikio yakiwa ya moto.

Uani akapima kwenye mizani, gramu kwa gramu, akapanga kwenye bakuli. Kaimu alikuwa ameketi mbele yake, kifua mbele, ametulia kama mtu aliyeitwa kwenye usaili wa kazi. Onja akainama kuweka bakuli chini. Mkono ukakataa.

Akajaribu tena. Aliona zile shingo za kuku, nyeupe zenye wekundu katikati, na mkono wa kulia ukapanda wenyewe hadi mfuko wa shati ukashika kijiko. Kijiko kitafanya nini hapo? Miaka thelathini na moja hakuna alichotoa mikononi mwake bila kukionja, na sababu yake aliijua yeye na mkewe tu. Kitu hiki hakionjeki. Na kitu kisichoonjeka, kwa Onja, hakijawa chakula. Ni hatari iliyowekwa kwenye sahani.

Kaimu akalamba pua, akangoja.

"Kidogo tu," Onja akamwambia. "Kipate joto tu."

Akawasha jiko.

Ukweli usemwe, Kaimu hakulalamika. Alikula ile nyama iliyochemshwa hadi bakuli likasogea mpaka ukutani. Onja alikuwa ameonja kwanza, bila chumvi, akaona imekaa sawa, na roho yake ikatulia. Kesho yake akachemsha tena. Siku ya nne akaongeza wali mkavu wa jana ili mchuzi usipotee bure. Jioni zikawa na utaratibu wake. Onja alipika, Kaimu alilala kwenye kizingiti pua ikifuata mvuke, na kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke kulikuwa na mtu wa kumpikia. Hata alianza kuzungumza. Alimweleza mbwa habari za stoo, za yule mpishi msaidizi anayekata vitunguu kama anayekata kuni, na hakuona haya.

Jumapili simu ikalia.

"Kaimu anakula?"

"Anakula vizuri."

"Unampa kama nilivyoandika?"

"Anamaliza bakuli."

Lilikuwa jibu la kweli, ila halikuwa la swali aliloulizwa. Onja alilijua hilo, na lilimkaa kifuani mpaka alipolala.

Siku ya nane Kaimu akaanza kujikuna nyuma ya sikio. Onja akasema ni kiroboto. Siku ya tisa akajikuna tumbo. Jioni hiyo Onja, akitaka kumfurahisha, alizichukua zile shingo, akazichemsha, kisha akazikausha juu ya mkaa hadi zikawa na rangi ya dhahabu, zinavunjika zenyewe ukizishika. Akaonja ngozi. Zilikuwa tamu. Kaimu alizimaliza kufumba na kufumbua.

Kesho yake alasiri Onja alifungua lango na hakuna aliyekuja. Alimkuta nyuma ya pipa la maji, mgongo umepinda, udenda unadondoka, anajaribu kumeza kitu na hakimezeki. Bakuli la maji lilikuwa halijaguswa. Onja akamwita. Mkia ukapiga ardhi mara moja, basi.

Jirani yake alikuwa mwashi. Onja, ambaye kwa miaka tisa hajawahi kumwomba hata kiberiti, aligonga mlango wake akaomba toroli. Akatandika shati lake la kazi ndani, akamlaza Kaimu juu yake, akasukuma. Watu barabarani waligeuka kutazama mzee aliyevaa fulana akisukuma mbwa kwenye toroli la zege. Siku nyingine angekufa kwa haya. Siku hiyo hakuona mtu.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, na alimjua Kaimu. Alimfungua mdomo, akamulika tochi, akauliza bila kuinua kichwa amekula nini. Onja akataja nyama, moyo, shingo za kuku.

"Mbichi?"

Feni ya darini ilizunguka. Mahali fulani ndani, paka alilia.

"Nimezipika," Onja akasema.

Daktari akainua kichwa. Hakupaza sauti. Alichukua koleo refu, akaomba kichwa kishikiliwe, na baada ya kumchoma mbwa sindano ya usingizi akatoa kooni kipande cha mfupa, akakiweka kwenye kiganja cha Onja. Kilikuwa chembamba na kina ncha kama sindano ya kushonea magunia. Akaeleza kwamba mfupa mbichi wa kuku unapinda na kusagika; moto ukishaupitia unakauka, na ukivunjika unatoa ncha. Kile kilichokuwa kooni kimetoka. Kwenye picha ya eksirei aliyompiga kuna vingine viwili tumboni. Vikipita vyenyewe ndani ya siku mbili, vizuri. Visipopita, itabidi apasuliwe, na kwa mbwa wa umri huo hawezi kuahidi kitu.

"Nimpigie binti yako mimi, au utampigia wewe?"

"Nitampigia mwenyewe."

Alirudisha toroli, akaketi kwenye kiti cha uani, simu gotini. Mbele yake palikuwa na kizingiti kitupu. Alitafuta maneno kama mtu anayetafuta mchele uliomwagika mchangani. Angeweza kusema mbwa amekwamwa na mfupa. Hilo nalo lingekuwa kweli. Ni maneno manne tu, na binti asingeuliza zaidi. Angesema pole, Baba. Onja aliliona jibu hilo lilivyo jepesi, na akaona pia kwamba akilitoa, hata Kaimu akipona, yeye hatakuwa na sura ya kumtazama binti yake anaposhuka kwenye gari baada ya miezi miwili.

Akapiga. Binti akapokea huku upepo unavuma.

"Baba? Leo si Jumapili."

"Mama, nimepika."

Upepo tu.

"Nimepika tangu siku ya kwanza. Mfupa umemkwama. Yuko kwa daktari. Mmoja umetoka, miwili iko tumboni."

Onja alisikia nyundo mbali, chuma kwa chuma.

"Nilikuandikia," binti akasema. "Nilikuandikia na mistari miwili, Baba."

"Uliandika."

"Basi kwa nini?"

Hapo ndipo Onja alipozungumza. Alizungumza kwa muda ambao hajawahi kuzungumza na mtu yeyote aliye hai, akimtazama mchwa anayepita ukutani. Alimwambia kwamba kabla binti hajazaliwa, yeye Onja akiwa mwosha vyombo tu pale hospitali, siku moja wapishi walipungua akaachiwa sufuria la kuku. Aliangalia juu ya sufuria tu, akaona pameiva, akapakua. Hakuonja. Ndani palikuwa na damu. Wodi nzima iliharisha siku mbili, na kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa ameshafunga mzigo wake wa kurudi nyumbani kesho yake. Mzee yule hakurudi. Hakuna aliyemfukuza Onja wala kumshitaki; walisema mzee alikuwa dhaifu. Mpishi mkuu wa siku hizo, bibi mmoja asiyependa maneno, alimpa kijiko, akaenda zake. Ni hiki hiki.

"Kila nikishika kitu kibichi nampelekea mtu, nauona mzigo ule umefungwa," akasema. "Si ubishi, Mama. Mkono unakataa."

Binti akapenga kamasi. Akauliza kama mama yake alijua. Onja akasema alijua. Akauliza kwa nini yeye hakuambiwa, na Onja akasema hajui. Kisha binti akasema polepole, kama anayefunga nati asiivunje:

"Kaimu akipona, utaweza kumpa mbichi? Usinipe jibu la kunifurahisha. Kama huwezi, daktari ana vibanda, atakaa kule mpaka nirudi. Sitakasirika. Ila niambie."

"Nipe mpaka Jumamosi," Onja akasema.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlango wa nyuma wa jiko kama kila siku, kabla jua halijapanda juu ya tangi la maji, akipokea nyama. Gari la muuzaji lilirudi nyuma likasimama. Mpishi msaidizi akashika daftari, na Onja, kwa muda akiwa amemsahau hata Kaimu, akaanza kazi bila kufikiri. Alinawa. Alibonyeza nyama kwa kidole akangoja iinuke. Alifunua mafuta akatazama rangi yake, akamwambia msaidizi, "Pokea." Aliinamia sinia la maini, akanusa, akalisukuma pembeni.

"Hili rudi nalo."

Dereva akaanza kubisha kwamba ni ya jana tu, yamelala kwenye barafu. Mpishi msaidizi akacheka, akamwambia asijichoshe. Huyu mzee pua yake haijawahi kukosea, yeye huijua nyama kabla haijafika motoni, kule kwenye kijiko huwa anathibitisha tu.

Onja alibaki ameinama juu ya sinia la pili. Kidole chake kilikuwa bado kiko kwenye nyama. Akakitazama kama ndiyo kwanza anakiona.

"Umesemaje?" akauliza.

"Nimesema nini tena?" Mpishi msaidizi akaogopa, maana mpishi mkuu hakuwa na kawaida ya kuuliza.

"Hapana. Endelea kuandika."

Vile vipande viwili vilipita Ijumaa asubuhi. Daktari alileta habari hiyo kwa simu bila kupamba, akasema hajawahi kusikia mtu mzima akishukuru choo cha mbwa kiasi kile. Akaagiza siku moja ya nyama laini isiyo na mfupa, na kwa siku hiyo, akasema, kwa kuwa tumbo limechubuka, ichemshwe kidogo. Kisha akaongeza kwamba anaomba hilo lisipokelewe kama ushindi; jioni hiyo Kaimu akarudi nyumbani.

Jumamosi alasiri Onja alikwenda kwa muuza nyama. Safari hii hakusimama na mfuko wazi. Aliomba kunawa mikono, akaomba kila kitu kiwekwe juu ya meza. Akabonyeza, akatazama, akanusa. Shingo zilikuwa nzuri. Moyo mzuri. Ini akalisukuma.

"Hilo nipe jingine."

"Mzee Onja," muuza nyama akasema, akitafuta wateja wa kucheka naye, "hiyo si ya mbwa?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nimerudisha."

Alisema huku anamtazama usoni. Muuza nyama akafungua friji akatoa ini jingine, na hakuna aliyecheka, ila mama mmoja kwenye foleni aliisogeza nyama yake karibu na pua.

Uani, Onja aliweka meza ndogo karibu na mlango wa nyuma. Akanawa hadi kwenye viwiko. Ubao wa kukatia nyama ya Kaimu aliununua siku hiyo, wa peke yake, usioguswa na kitunguu cha mtu. Akapima. Akabonyeza kila kipande tena, akanusa tena, shingo moja moja, na alipomaliza akajikuta amesema kwa sauti, kama pale kazini, "Pokea."

Kaimu alikuwa ameketi, amekonda kidogo, kifua mbele.

Mkono ulishuka. Ulishuka mpaka bakuli likagusa saruji. Kutazama hakuweza. Alikwenda akasimama upande wa pili wa ukuta, mgongo kwenye matofali yaliyoshika joto la mchana, akasikiliza. Kwanza kimya. Halafu mfupa: haukulia kama kijiti kikavu kinachovunjika, ulisagika polepole, sauti nzito yenye maji, kama mtu anayetafuna muwa.

Akatoa simu.

"Baba? Leo si Jumapili," binti akasema, na sauti ilikuwa imejiandaa kwa lolote.

Onja alizunguka ukuta, akachutama, akanyoosha simu karibu na bakuli, akaishikilia hapo. Kaimu alimtupia jicho moja, akaendelea. Kambini, mtu fulani alizima mashine.

"Hiyo ni shingo?" binti akauliza.

"Ya pili."

"Mbichi?"

"Mbichi. Nimeipokea mwenyewe."

Binti akacheka, kisha kicheko kikamgeuka, akawa anavuta pua. Onja akakaa chini kwenye saruji. Kaimu alimaliza, akalisukuma bakuli hadi ukutani, akarudi akamlalia mguu. Mazungumzo yalikuwa yameshafika dakika ya tatu. Onja aliona hakuna aliyesema haya, Baba, wala haya, Mama, akaanza kumsimulia binti habari za yule mpishi msaidizi anayekata vitunguu kama kuni.